Anwani ya DMA inaiua QEMU

SWALI: Mambo vipi fundi, naandika kadi ya netiweki ya kuigiza kwenye QEMU (programu ya kuendesha VM, yaani kompyuta ya kuigiza). Draiva ya ndani ya VM inaniandikia kwenye rejista anwani ya bafa (kipande cha RAM cha kupitishia data) ya DMA, yaani kadi kusoma na kuandika RAM yenyewe, nikiitumia kama pointa programu inakufa hapohapo. Shida nini?

JIBU: Poa. Hiyo anwani ni ya RAM ya VM, kwa prosesi ya QEMU haina maana yoyote, so soma kwa pci_dma_read na uandike kwa pci_dma_write, zenyewe zinapitia IOMMU (kifaa kinachotafsiri anwani za DMA) kama ipo, na kama draiva haijawasha biti 2 ya rejista ya komandi ya PCI (ruhusa ya kadi kufanya DMA) zinagoma, kwa hiyo cheki jibu zinalorudisha, wengi hawacheki kabisa. Halafu diskripta (rekodi ya draiva inayosema bafa iko wapi na ina urefu gani) ikopi mara moja tu kwenye variabo yako, urefu uupime humo humo, maana vCPU (prosesa ya VM) nyingine inaweza kuibadilisha wewe ukiwa katikati, yaani ni kama kuhesabu hela huku mwenzio anachomoa noti. La mwisho ndo baya zaidi: mtu ndani ya VM anakupa anwani ya rejista za kadi yako mwenyewe badala ya bafa, unaandika, kodi (code) ya kadi yako inajiita upya kazi ikiwa nusu. Hitilafu ya usalama CVE-2021-3929 ya NVMe (diski ya kuigiza ya QEMU) ilikuwa hivyohivyo.