Ile sauti aliyoisikia bibi yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Unauliza: sauti aliyoisikia bibi yako mwaka 2011, tukiwa njiani kwenda kwa Babu wa Loliondo, ilikuwa ya Mungu au ni ubongo wa mzee aliyekosa usingizi? Unataka jibu moja, tena fupi. Umesahau unamwandikia nani.

Nianze na ile kofia yako. Unasema huko Kanada profesa Michael Persinger aliwavisha watu kofia yenye sumaku dhaifu, na wengi wakasema wamehisi kuna mtu pembeni yao. Kisha Pehr Granqvist na wenzake, hapo hapo Uppsala unaposoma, wakalirudia jaribio: mvaaji hajui na mvalishaji hajui kama sumaku imewashwa. Mwaka 2005 wakatoa matokeo kwamba sumaku haikufanya kitu, ila waliohisi ni wale wepesi wa kuchukuliwa na kinachodokezwa. Vizuri. Mimi muuguzi, hilo nimelipenda. Lakini kutoka hapo umeruka moja kwa moja hadi kwa bibi yako na kumwita mwepesi wa kudokezwa! Bibi yupi? Yule aliyekufa haamini kwamba mtu amekanyaga mwezi? Yule ambaye hata mbegu ya mahindi ya dukani hakuipanda mpaka ameijaribu kwenye kopo?

Wewe ulikuwa bweni mwaka ule, kwa hiyo hukuona jinsi nchi ilivyohama. Mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, ndiye huyo Babu, alisema Mungu amemwotesha mti wa mugariga. Mizizi yake ichemshwe, kila mgonjwa anywe kikombe kimoja kwa shilingi 500. Watu wakaja kutoka kila mkoa, na Kenya pia. Magari yakajaa mpaka mwishoni mwa Machi Babu mwenyewe akaomba watu wapya wasije kwanza, foleni ipungue. Bibi yako akasema, "Mnipeleke au nipande basi peke yangu." Na kisukari chake kile! Mjomba wako akatafuta gari, tukapita Mto wa Mbu, Engaruka, Natron, vumbi mpaka kwenye meno.

Tulikuwa kwenye foleni usiku, Samunge, kijiji cha Babu, iko mbele huko. Kulipokaribia kucha bibi akaketi wima kiti cha nyuma, akaitikia, "Abee." Akanyamaza. Akaitikia tena. Nikamuuliza anamwitikia nani. Akasema ameitwa kwa jina lake la utotoni, lile la Kimachame ambalo baba yake peke yake ndiye aliyelitumia. Nikamwambia, basi umemwota baba yako. Akanikata: "Si baba. Ni Bwana. Ametumia sauti ya baba nisiogope."

Najua utakachosema, kwa sababu umeshakisema. Daktari Dewi Rees, kule Wales, mwaka 1971, alikuta karibu nusu ya wajane na wagane aliowahoji wamewahi kumsikia, kumwona au kumhisi marehemu wao, na hawakuwa vichaa. Na yule mama mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Tanya Luhrmann, anasema watu wa maombi hujizoeza mpaka wakaisikia sauti ya Mungu, na kwamba hata wagonjwa wa akili wa Accra na Chennai sauti wanazozisikia mara nyingi ni za jamaa zao au za Mungu, wakati wenzao wa California wanasikia za kuwatisha. Sawa. Bibi yako alifundisha habari za Samweli, yule mtoto aliyeitwa na Mungu usiku, shule ya Jumapili mpaka watoto wakazeeka. Kama kuna mtu aliyejizoeza kuitwa usiku ni yeye. Lakini mtu aliyejizoeza kusikiliza anasikia visivyokuwepo, au anasikia vilivyopo ambavyo wewe na mimi vinatupita? Hapo hao wataalamu wako wanafunga madaftari. Na wana haki, si kazi yao.

Kikombe kilipitishwa dirishani, cha plastiki. Bibi akafungua fundo la kanga, akatoa noti, akakipokea kwa mikono miwili. Nami nikanywa. Ndiyo, mimi, niliyekuwa nikiwaeleza wanafunzi wa uuguzi jinsi dawa isiyo dawa inavyopunguza maumivu. Tulipofika Engaruka wakati wa kurudi, mgongo wangu, huu unaoujua, ulikuwa umenyamaza kabisa. Nafuu ni kitu halisi, nimelisema hilo maisha yangu yote. Watafiti wa Harvard mwaka 2010 waliwapa wagonjwa wa tumbo vidonge wakiwaambia waziwazi kuwa havina dawa ndani, na bado wakapata nafuu zaidi kuliko waliokaa bila kitu. Basi usinicheke.

Bibi alirudi mwingine. Alikwenda kanisani bila mkongojo, analala usiku kucha, anaimba jikoni. Wiki kadhaa baadaye nikamkuta amekaa uani nikampima sukari. Ilisoma 18, juu mno. Nikamwonyesha kile kioo kidogo. Akakitazama, akanitazama, akauliza, "Nani amekutuma?"

Vidonge vilikuwa kwenye kabati, havijapungua. Jioni ile akaanza tena kumeza, bila neno. Lakini habari ya ile sauti hakunisimulia tena mpaka tunamzika. Wageni aliwasimulia, majirani, hata fundi wa bomba. Nikiingia na chai anabadilisha mazungumzo, anauliza bei ya sukari. Mwanangu, lile linaniuma hadi leo, na kesho ningempima tena. Pale kliniki niliwaona waliotupa dawa za ukimwi kwa imani, niliwaona waliporudi. Nafuu ni kitu halisi, lakini virusi haviisikii.

Yule mwanafalsafa wa Marekani William James uliyenisimulia, aliyetoa mihadhara Edinburgh mwaka 1901 na 1902, nampenda kwa jambo moja: alikataa kuitupa imani ya mtu kwa kutaja ugonjwa wake. Wapo waliodai Paulo alipoanguka njia ya Dameski kilikuwa kifafa. James akasema tazama matunda, usihangaike na mizizi. Hilo tulishaambiwa na Mathayo. (Na umenichekesha uliposema alivuta gesi ya kucheka ya madaktari wa meno ili aone yatakayotokea. Profesa mzima!) Lakini sasa nipe mizani ya matunda. Furaha ya bibi ilikuwa tunda. 18 nayo ilikuwa tunda. Nichume lipi? Nikisema la kwanza, nimewasaliti wale wa kliniki. Nikisema la pili, kwa nini mama yangu alikufa bila hofu, yeye ambaye tangu nikiwa mdogo aliogopa kifo hata kukitaja mezani? Kikombe kile hakikumponya sukari. Hilo nakupa, nimelipima. Sauti sikuipima, na kipimo chake hakikuwamo kwenye mkoba wangu.

Ulimi unaniwasha, usidhani sina rai. Ninayo, na ukinibana nitaisema, kisha utaiandika kwenye karatasi yako ya chuo kwamba muuguzi mstaafu wa Moshi anaamini hivi au vile. Sikupi. Wakati mwingine nikiwa peke yangu naegemea huku, na siku ya pili nikisikia pambio lile lake nimeegemea kule, na naona si haki kukuuzia rai ambayo mwenyewe sijaimaliza.

Ukija Krismasi muulize mjomba wako. Yeye hakulala usiku ule, alikuwa kwenye usukani anaogopa foleni isimwache. Anadai na yeye alisikia kitu, na anachosema alikisikia hakifanani hata kidogo na cha bibi.

Na uniletee soksi nzito, zile za mwaka juzi zimetoboka.

Mama yako