Kwa nini Baltimore hawakuvuta tu vile vyuma?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Wamarekani, na makreni yao yote, walichukua wiki 11 kufungua njia ya meli Baltimore baada ya meli iitwayo Dali kugonga daraja la Francis Scott Key na kuliangusha majini tarehe 26 Machi 2024. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kurasini, acha nikujibu kwa upande wa chuma.

Chuma kilichopinda kinakuwa kimebana nguvu ndani. Niliwahi kukata nondo nene iliyonasa chini ya fremu ya lori. Ilipoachia, ilinichana kofia ya kuchomelea kabla sijapepesa jicho. Nondo moja tu! Kule zilikuwa tani zipatazo 50,000, zimesokotana, nyingine zimezama kwenye tope, na mzamiaji akishuka haoni mbali. Lazima kwanza ujue kipi kimelalia kipi, ndipo ukate. Lile pande lililolalia meli walilikata kwa baruti tarehe 13 Mei, na wiki moja baadaye meli ikaelea.

Bandari haikukaa bure muda wote huo, vijia vya muda vilifunguliwa pembeni mapema. Njia nzima, kina cha mita 15 hivi, ikakamilika 10 Juni.

Halafu kaka, mle majini kulikuwa na watu. Mafundi sita waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara usiku ule walikufa, na wa mwisho alipatikana tarehe 7 Mei. Huwezi kuburuta vyuma ovyo wakati familia bado inasubiri mtu wao.