Kupima afya ya mialoni kwa picha za angani: niliyoyakuta chini ya mti

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuitambua mialoni (miti ya oak) inayoumwa kwa picha za setilaiti tu, bila kuzunguka msitu mzima. Kazi hii nimeifanya misimu kadhaa, na jibu langu ni hili: picha itakuonyesha pa kwenda. Ugonjwa wenyewe utaujua ukishafika kwenye shina.

Anza na Sentinel-2, setilaiti za Ulaya zinazopiga picha za ardhi. Picha zake ni za bure, na setilaiti mbili zikipokezana hupita eneo lilelile kila baada ya siku 5 hivi. Shida iko kwenye pikseli, yaani kitone kimoja kimoja kinachounda picha. Kwa rangi za kawaida na infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho, ulio jirani na nyekundu), pikseli moja ni mita 10 kwa 10. Kwa ule ukanda mwembamba wa mwanga unaotenganisha nyekundu na infraredi, ni mita 20. Mwaloni mkubwa unaweza kuijaza ile ya mita 10, lakini ya mita 20 inameza na majirani. Ndiyo maana setilaiti naitumia kwa makundi ya miti. Nikitaka mti mmojammoja narusha droni yenye kamera ya spektra nyingi, inayopima kila ukanda wa mwanga peke yake.

Wengi hukimbilia NDVI, namba ya ukijani wa mimea inayopatikana kwa kulinganisha mwanga mwekundu na infraredi ya karibu. Ni kipimo kizuri, ila kwenye msitu mnene hupanda kikagota: mti umeshaanza kupoteza majani na namba bado inapendeza. Ule ukanda mwembamba huyumba mapema zaidi klorofili (ukijani wa jani) ikipungua, kwa hiyo mimi siuachi kamwe.

Sasa nikupe kisa kilichobadilisha kazi yangu. Kwenye ramani yangu kulikuwa na mwaloni mmoja wa kijani kuliko wote wa safu yake. Nilipofika chini yake nikainua macho: matawi makavu, matupu, na kijani chote ni cha mmea mtambaazi uliopanda shina hadi kileleni. Mti ulishakufa, kamera ilikuwa imepima mmea mwingine. Hatua chache kutoka pale, mwaloni wenye namba za wastani tu ulikuwa na nyufa za wima kwenye gome, zinavuja majimaji meusi yanayonata, na pembeni kitundu cha milimita chache chenye umbo la herufi D, alama anayoacha mbawakawa wa jamii ya Agrilus akitoka. Hayo huyaoni ukiwa juu, maana taji la matawi na majani limeyafunika.

Tangu hapo mialoni inayopukutisha majani naipiga picha mara mbili: katikati ya majira ya joto, na tena wakati wa baridi ikiwa haina majani. Kinachobaki kijani wakati wa baridi si mwaloni. Kwa ile isiyopukutisha mbinu hii haisaidii, ukaguzi wa miguu unaongezeka.

Halafu usilinganishe mti na jirani yake. Mialoni haichipui siku moja, na unaochelewa utaonekana mgonjwa bure. Ulinganishe na wenyewe, majira yaleyale, mwaka kwa mwaka. Ukiruka na droni, piga picha kibao cha kurekebishia mwanga kabla na baada ya kuruka. Bila hivyo, namba za mwaka huu na za mwaka jana hazizungumzi.

Na kwenye orodha ya miti utakayokwenda kuikagua, weka pia kadhaa ambayo picha inasema ni mizima.