Jazz wamuuze Markkanen na kupoteza msimu mwingine? Jibu kwa aliyeuliza

Ndugu yetu ameuliza kama Utah Jazz, timu ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, wamuuze nyota wao Lauri Markkanen na kisha waupoteze kwa makusudi msimu wa 2025/26, ambao ninapoandika haya haujaanza, kama walivyofanya katika msimu wa 2024/25. Naona ameuliza mambo mawili kwa pamoja, na kila moja linastahili jibu lake. Nimekuwa nikifuatilia timu zinazojijenga upya NBA tangu mwaka 2009, nilipoanza kuifuata Memphis Grizzlies kwa sababu ya Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba timu mbovu huinuliwa na biashara ya wachezaji kuliko inavyoinuliwa na idadi ya mechi inazopoteza.

Nianze na huko kupoteza, ambako lengo lake ni kupata zamu nzuri katika drafti, yaani siku ambayo timu huchagua vijana wapya kwa zamu kila mwaka. Hapa hatuzungumzii wachezaji kuuza mechi, kwa maana wachezaji na makocha huingia uwanjani kutafuta ushindi. Ni uongozi unaopanga kikosi dhaifu, unaowapumzisha wakongwe wenye afya na kuwapa vijana dakika nyingi kuliko uwezo wao. Ligi inalijua hilo na hutoza faini. Jazz wenyewe walitozwa dola 100,000 mwezi Machi 2025 kwa jinsi walivyokuwa wakimweka nje Markkanen, na Dallas Mavericks walitozwa dola 750,000 mwaka 2023. Lakini faini si kizuizi kikubwa kwa tajiri anayemiliki timu. Kizuizi cha kweli ni kanuni ya bahati nasibu inayopanga zamu hizo, iliyobadilishwa mwaka 2019. Zamani timu ya mwisho kabisa ilikuwa na asilimia 25 ya kupata chaguo la kwanza katika drafti; kuanzia mwaka huo timu tatu za mwisho zililingana, kila moja ikiwa na asilimia 14. Kwa kanuni hiyo bahati nasibu hupanga nafasi nne za juu tu, kwa hiyo timu iliyoburuza mkia inaweza kushuka mpaka nafasi ya 5, na uwezekano wa kuangukia hapo ni asilimia 47.9, yaani karibu nusu.

Tazameni matokeo yake. Detroit Pistons waliburuza mkia mwaka 2023 wakapewa nafasi ya 5. Wakaburuza tena mwaka 2024 kwa ushindi wa mechi 14 tu, baada ya kupoteza mechi 28 mfululizo, wakapewa tena nafasi ya 5. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Jazz: ushindi 17, vipigo 65, na nafasi ileile ya 5, ambayo waliitumia kumchukua Ace Bailey. Cooper Flagg, aliyekuwa akisubiriwa na kila timu mbovu, alikwenda Dallas waliokuwa na asilimia 1.8 tu. Anayesema Jazz wapoteze tena ili wapate chaguo la kwanza anapaswa kwanza atueleze kwa nini anaitegemea hesabu ambayo imeiangusha timu ya mwisho kwa miaka mitatu mfululizo.

Hata chaguo la juu likipatikana, kazi huwa bado. Sisi Watanzania tunalo la kukumbuka hapa kuliko wengi. Memphis walimaliza msimu wa 2006/07 wakiwa timu mbovu kuliko zote, katika mwaka ambao Kevin Durant alikuwa kwenye drafti, wakashuka hadi nafasi ya 4 na kumchukua Mike Conley. Miaka miwili baadaye bahati iliwapandisha hadi nafasi ya 2, nao wakamchagua Thabeet wetu, kijana wa Dar es Salaam, kabla ya James Harden aliyechukuliwa nafasi ya 3 na Stephen Curry aliyechukuliwa nafasi ya 7. Nilifurahi sana siku ile, na bado naona fahari kwamba Mtanzania alifika pale. Lakini Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol aliyecheza nafasi ileile uwanjani, dakika zikawa chache, na kabla msimu wake wa kwanza haujaisha kijana alipelekwa kwa muda katika ligi ya chini. Mchezaji mrefu aliyeanza mpira wa kikapu akiwa ameshakua alihitaji subira ndefu, na pale hapakuwa na nafasi ya subira hiyo.

Sasa angalieni ni nini kiliiinua Memphis. Gasol huyo alipatikana mwaka 2008 kwa kumtoa kaka yake, Pau, kwenda Los Angeles Lakers, biashara ambayo wakati ule ilichekwa dunia nzima. Zach Randolph, aliyeonekana mchezaji msumbufu asiyetakiwa, alichukuliwa mwaka 2009 kutoka Clippers kwa kubadilishana na Quentin Richardson. Februari 2011 Thabeet mwenyewe alipelekwa Houston pamoja na chaguo la raundi ya kwanza, akaja Shane Battier. Miezi miwili baadaye Memphis waliingia kwenye mtoano wakiwa wa 8 na kuwatoa San Antonio Spurs waliokuwa wa kwanza, na ni Battier aliyefunga zile pointi tatu za dakika ya mwisho katika mchezo wa kwanza. Ukimwondoa Conley, karibu kila nguzo ya timu ile ilitokana na biashara.

Oklahoma City Thunder, mabingwa wa 2025, mara nyingi hutajwa kama ushahidi kwamba kupoteza kunalipa. Mimi nausoma mfano huo kwa namna nyingine. Ni kweli walikuwa na misimu miwili mibaya, wakishinda mechi 22 na kisha 24, na mwezi Desemba 2021 walifungwa na Memphis kwa tofauti ya pointi 73, kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia ya ligi. Ubaya huo uliwapa Chet Holmgren, chaguo la pili la mwaka 2022. Hata hivyo msingi wa timu uliwekwa Julai 2019, kabla hawajaanza kupoteza, walipompeleka Paul George kwa Clippers na kupokea Shai Gilgeous-Alexander, machaguo matano ya raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana machaguo. Jalen Williams aliyeng'ara kwenye fainali ni chaguo la 12, na chaguo hilo lilikuwa la Clippers. Alex Caruso alikuja kwa kumtoa Josh Giddey, na Isaiah Hartenstein alikuja akiwa mchezaji huru, asiye na mkataba na timu yoyote. Walimuuza George siku ambayo mnunuzi alikuwa na shida kubwa ya kununua, na hiyo ndiyo sehemu ambayo wengi wanaowaiga huiruka.

Philadelphia 76ers nitawagusa kwa ufupi. Kuanzia 2013 hadi 2016 walishinda mechi 19, kisha 18, kisha 10. Walimpata Joel Embiid aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023, lakini machaguo ya Jahlil Okafor na Markelle Fultz hayakuzaa walichotarajia, na kutoka hapo mpaka mwisho wa msimu wa 2024/25 hawakuvuka raundi ya pili ya mtoano.

Turudi Utah, ambako nadhani swali la kupoteza lina jibu mahususi zaidi kuliko ndoto ya chaguo la kwanza. Mwaka 2021 Jazz waliwapa Thunder chaguo la raundi ya kwanza ili waondokane na mkataba wa Derrick Favors. Deni hilo linafikia mwisho wake mwaka 2026, na lina kinga ya nafasi nane za juu: chaguo likiangukia kati ya 1 na 8, linabaki Utah na deni linafutika, likiangukia 9 au chini zaidi, linakwenda kwa mabingwa. Kwa kuwa timu haiwezi kushuka zaidi ya nafasi nne katika bahati nasibu, timu yoyote itakayomaliza kati ya nne za mwisho haiwezi kulipoteza chaguo lenye kinga kama hiyo. Kwa hiyo Jazz hawana haja ya kuburuza mkia. Wanahitaji kuwa kati ya nne za mwisho, mara hii moja tu, na kikosi chao cha vijana kinaweza kufika hapo chenyewe bila kumficha mtu mwenye afya. Mechi za Salt Lake City hapa kwetu huanza saa kumi au saa kumi na moja alfajiri, na nilizitazama nyingi msimu uliopita. Kilichoniuma zaidi ya vipigo ni kuwaona Keyonte George na Isaiah Collier wakicheza bila mkongwe wa kuwapangia mchezo, wakirudia makosa yaleyale kutoka Novemba hadi Aprili.

Ndiyo maana simuuzi Markkanen kwa haraka. Alifikisha miaka 28 mwaka 2025, mkataba wake unakwenda hadi msimu wa 2028/29, na katika majira ya joto ya 2025 aliifikisha Finland, timu yake ya taifa, kwenye nusu fainali ya Ulaya. Thamani yake haitaporomoka kufikia Februari 2026, dirisha la biashara linapofungwa. Ningemtoa kwa sharti moja: machaguo yasiyo na kinga, ya miaka ya mbali, kutoka kwa timu ambayo nyota wake wanazeeka. Danny Ainge, aliyeingia katika uongozi wa juu wa Jazz mwaka 2021, anaijua biashara hiyo kuliko mtu yeyote, kwani akiwa Boston mwaka 2013 aliwapa Brooklyn Nets wakongwe Kevin Garnett na Paul Pierce, na machaguo ya Nets ndiyo yaliyowazalia Celtics Jaylen Brown na Jayson Tatum. Mapema mwaka 2025 Jazz walifanya jambo la namna hiyo walipowapa Phoenix Suns machaguo matatu hafifu na kupokea moja tu la mwaka 2031 lisilo na kinga. Naliona kuwa jambo bora zaidi walilofanya tangu walipowauza Rudy Gobert na Donovan Mitchell mwaka 2022.

Mchezaji wa Jazz ambaye ningemweka sokoni kwanza ni Jusuf Nurkić. Mkataba wake wa takriban dola milioni 19 ulipangwa kuisha mwishoni mwa msimu wa 2025/26, na kwa kanuni za sasa timu zilizovuka kizingiti cha pili cha mishahara haziruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja, jambo linalozifanya zihangaike kupunguza mzigo. Ningemtoa kwa mchezaji mwenye mkataba mrefu usiopendeza, mradi aje na chaguo la raundi ya kwanza, na ningependa mchezaji huyo awe mpangaji wa mchezo mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, ambaye Keyonte George atakaa naye mazoezini kila siku.