Maswali yenu: RAM inagoma, na hewa inapita wapi?

Nusu ya meseji za mwezi huu zinasema "PC yangu inazima nifanye nini" na hapo ndio mwisho, hakuna madabodi (ile bodi kuu ya PC), hakuna RAM gani, hakuna volti. Hizo nimefuta zote. Nimebakisha za wale walijieleza angalau kidogo, na najua mnataka niwaambie mnunue kitu lakini mara nyingi jibu ni upepo tu.

Wa Umoja: RAM yangu ni DDR4 ya 3200, nimeisukuma juu ya kasi yake mpaka 3800 kwa volti 1.45. MemTest86 imepita usiku mzima, lakini nikicheza gemu kitu dakika arobaini napata skrini ya buluu. Nirudishe RAM dukani?

Usirudishe, mwenye duka hajakosa kitu. MemTest86 inawakia kwa flashi kabla Windows haijaingia, GPU (kadi ya picha) iko usingizini huo usiku wote, so umepima RAM ikiwa imetulia na baridi yake. Gemu ikianza GPU inatema joto ndani ya kesi, joto linapanda juu, na kule juu ndio RAM inakaa. Chipu zenyewe zimeruhusiwa mpaka digrii 85 lakini hio ni kwa kasi ya kawaida, ukishaisukuma na kubana taimingi (ule muda RAM inasubiri kabla ijibu) kuna chipu zinaanza makosa zikigusa 50 na kitu, zile B-die za Samsung zinajulikana sana kwa hio tabia. Sababu ni kwamba seli za RAM zinashika chaji inayovuja, lazima ijazwe upya mara nyingi kila sekunde, na joto linafanya ivuje haraka. Sasa kama uliongeza tREFI (muda kati ya kujaza moja na nyingine) kwa sababu uliona mtu ameongeza kwa video, hapo umeiambia ikae muda mrefu zaidi bila kujazwa, alafu ukaipasha moto. Weka HWiNFO, programu ya kusoma joto, uone kama vijiti vyako vina sensa (DDR4 zingine hazina, DDR5 ziko nayo), kimbiza TestMem5 (hii inapima RAM ukiwa ndani ya Windows) huku GPU nayo inafanya kazi, uone makosa yanaanzia digrii ngapi. Na kabla umalize hio kazi usiguse faili za maana. RAM yenye makosa haizimi PC kila wakati, saa zingine inaandika takataka kwa diski kimya kimya na wewe unakuja kujua siku mteja anaitisha picha za harusi yake.

Wa Kasarani: Nikieka kipoza maji kwa prosesa, si RAM na madabodi pia zitapoa?

Hapana, na hapa ndio watu wanapoteza pesa. Kipoza cha kawaida chenye feni, haswa kile kinapuliza kuelekea chini, kilikuwa kinamwaga hewa kwa VRM (vile vipande vya madabodi vinavyolisha prosesa umeme) na RAM bila hata wewe kujua. Ukitoa hicho ukaeka maji, feni zote zinahamia kwa rejeta huko mbele ama juu, na pale katikati hewa inakufa kabisa, prosesa inasoma digrii nzuri unafurahia huku VRM inachomeka. Kama tayari umenunua basi tafuta feni moja ya milimita 120, ifunge na zile kamba za plastiki za nyaya ipulize RAM na hizo hitisinki (vyuma vya kutoa joto) za VRM moja kwa moja, hata kwa spidi ndogo. Haipendezi macho. Inafanya kazi.

Volti ngapi ni salama kwa RAM?

RAM gani?! DDR4 kawaida ni 1.2 na nyingi za XMP (kasi ya juu iliyopangwa tayari na mtengenezaji) ni 1.35. DDR5 inaanzia 1.1, na hio iko na chipu ya kugawa umeme juu ya kijiti chenyewe, so joto lingine linazaliwa pale pale. Wewe wa AM5 (soketi ya Ryzen mpya za AMD) angalia zaidi volti ya SoC, ile sehemu ya prosesa inayoongoza RAM, kuliko ya RAM yenyewe, mwaka 2023 kuna Ryzen za 7000 ziliungua kwa sababu madabodi zilikuwa zinapandisha hio volti zenyewe mtu akiwasha EXPO (XMP ya AMD), mpaka AMD ikaifunga isipite 1.3. Kama hujaiapdeti BIOS (programu ya ndani ya madabodi) tangu hio siku, fanya leo, na si wakati stima inacheza.

Wa Pipeline: Madabodi yangu ni H610, nipoze aje ndio RAM ipande?

Hata ukiieka kwa friji. H610 hairuhusu kusukuma RAM.

Dada wa Rongai: Fundi alifungua hitisinki ya VRM akatoa pedi akapaka grisi ya prosesa. Ni sawa?

Si sawa dadangu. Pale kuna nafasi ya milimita moja ama zaidi kati ya chuma na vile vipande, grisi haiwezi kujaza hio. Ifunguliwe tena, isafishwe, iekwe pedi ya unene ule ule wa zamani, alafu ifungwe na ifunguliwe mara moja uangalie alama: kila kipande kinafaa kuacha kimraba chake kwa pedi. Mahali hakuna kimraba hapajagusa, na hapo ndio patachomeka.

RAM za taa zinapoa vizuri kuliko za kawaida?

Taa nayo inatoa joto. Endelea kuhesabu.

Wa Kitengela: Nilipima Julai ikapita yote, sasa ni Februari inaleta makosa na sijagusa kitu.

Hujagusa, lakini jua limegusa. Digrii tano sita zimeongezeka kwa chumba, na ndani ya kesi zinaongezeka hivyo hivyo. Ongeza hapo kwamba huku juu tuko zaidi ya mita 1,500, hewa ni nyepesi kuliko ya Pwani, so feni ile ile inabeba joto kidogo, usikopi seti za mtu anakaa karibu na bahari kwa baridi ya Ulaya. Fungua mlango wa kesi, elekeza feni ya meza hapo, pima tena. Makosa yakiisha shida ni joto. Yasipoisha basi ulikuwa umesukuma sana toka mwanzo na baridi ya Julai ilikuwa inakuficha hilo, shusha kasi hatua moja. Lakini usiiache wazi hivyo kila siku, vumbi la huko kwenu nalijua.

Feni za bei rahisi za Luthuli, ule mtaa wa elektroniki Nairobi, zitafaa?

Zitafaa, uliza tu yenye pini 4 ndio BIOS iiongoze vizuri, na usiunganishe tatu kwa tundu moja la madabodi, mengi yanabeba ampia 1 pekee.