Jibu: Jeni za bakteria na mnyauko wa nyanya

Ndugu yangu wa Tengeru, umeuliza inawezekanaje mche wa nyanya unaomwagiliwa vizuri ukanyauka ungali wa kijani, na kama kweli jeni za bakteria zinahusika. Zinahusika. Dalili ulizoeleza zinalingana na mnyauko bakteria, unaosababishwa na Ralstonia solanacearum, kiumbe wa udongoni anayeingia kupitia majeraha ya mizizi.

Kundi la jeni liitwalo hrp humwezesha kuunda kifaa kama sindano, ambacho hupenyeza protini ndani ya seli za mmea na kudhoofisha ulinzi wake. Watafiti walipoziharibu jeni hizo, bakteria waliendelea kukua maabara lakini walishindwa kuiuguza nyanya. Jeni nyingine hutengeneza ute wa sukari unaoziba mirija ya kupandisha maji, hivyo udongo unaweza kuwa na unyevu wa kutosha huku majani yakikosa maji. Kinachonistaajabisha zaidi ni kwamba jeni za ute hubaki zimezimwa bakteria wanapokuwa wachache, zikawashwa pale ishara ya kemikali wanayoitoa inapoonyesha kwamba wamekuwa wengi.

Ili kuthibitisha, kata kipande cha shina karibu na ardhi ukining'inize katika glasi ya maji safi. Uzi wa ute mweupe ukishuka baada ya dakika chache, ng'oa mche huo pamoja na mizizi yake, usipande viazi mviringo, bilinganya wala pilipili hapo, na usipoteze fedha kwa dawa za kunyunyizia majani, kwa kuwa haziwafikii bakteria waliomo ndani ya mirija.