Tapeti iliyokaza ni mbaya kuliko inayogonga

Vijana wanaoanza ufundi hapa Unguja wana haraka moja: wanataka kelele ya tapeti iishe, yaani mgongo wa nafasi ndogo iliyopo kati ya roka (mkono unaosukuma vali) na ncha ya vali. Injini inagonga, wanakaza mpaka inyamaze, mwenye gari anaondoka kafurahi. Wadogo zangu, nawaomba sana msifanye hivyo. Tapeti iliyolegea kidogo hupiga kelele ukaisikia. Iliyokaza hukaa kimya huku inaunguza vali. Vali ya ekzosi (ya kutoa moshi) hupoa pale inapokalia siti yake, joto likahamia kwenye silinda hedi. Ikikosa nafasi haikai sawasawa, moto unapenya ukingoni, na kompresheni (mgandamizo) ya silinda hiyo inakwisha. Hapo ni kushusha hedi, bisibisi haisaidii tena.

Kabla ya kufungua kava, ijue injini yako. Toyota 4K za zamani zina skrubu na nati za kurekebishia nafasi hiyo: vali ya inteki (ya kuingiza hewa) milimita 0.20, ekzosi 0.30, injini ikiwa ya moto. Honda D15 nazo zina skrubu, lakini hupimwa injini ikiwa baridi: inteki 0.18 hadi 0.22, ekzosi 0.23 hadi 0.27. Ukichanganya moto na baridi umepima bure. Vitz na Probox zenye injini ya 1NZ hazina skrubu kabisa. Hubadilishwa vikombe vinavyokaa juu ya vali, kwa unene wake, na kamshafti (mhimili unaosukuma vali) lazima itoke. Hiyo usiianzie nyumbani.

Ya kupimwa baridi ilaze usiku kucha, uifungue baada ya sala ya alfajiri. Kwa walioko Paje na Jambiani, kusi ikivuma hurusha mchanga mwembamba, basi fanyeni kazi ndani ya banda na futeni kava vizuri kabla ya kulivua.

Toa plagi zote, uzungushe kranki (mhimili mkuu wa injini) kwa spana upande inaozungukia yenyewe. D15 huzunguka kinyume cha saa, angalieni hapo. Mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-3-4-2. Vali za silinda ya 4 zikipishana, moja inafunga na nyingine inaanza kufunguka, pima silinda ya 1. Zikipishana za 2, pima ya 3. Za 1, pima ya 4. Za 3, pima ya 2.

Shika skrubu kwa bisibisi, kaza nati, kisha pima upya, maana nati ikikaza huivuta skrubu. Kama kipimo ni 0.20, fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya 0.20 ipite kwa kukwaruza na ya 0.25 igome.

Zote zikiwa sawa na moja bado inagonga, usiikaze. Vua roka upitishe ukucha usoni mwake. Mara nyingi utagusa kishimo kilichochimbwa na ncha ya vali. Fila ni bapa, inalala juu ya kishimo bila kufika chini, ndiyo maana inasoma 0.20 wakati nafasi ya kweli ni kubwa zaidi. Mwambie mwenye gari atafute roka nyingine, na mpaka aipate, mwachie kelele yake.